Wanafunzi wamenipa 2.9 kati ya 5. Nifanye nini?

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanamke, mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja binafsi hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nafundisha Takwimu za Biashara mwaka wa kwanza, darasa la watu 140. Tathmini ya semista iliyopita imetoka na nimepata wastani wa 2.9 kati ya 5. Kufika kwa wakati wamenipa 4.4, lakini 'anaeleza kwa kueleweka' ni 2.3 na 'anarudisha majaribio kwa wakati' ni 2.1. Kwenye maoni wameandika: anakimbia sana, Kiingereza chake kigumu, hatoi madesa (notisi za somo), na mmoja kaandika anaringa. Kwetu mwanafunzi haoni matokeo yake kwenye mfumo mpaka ajaze tathmini. Wiki nzima sijalala vizuri. Kaka mmoja wa idarani, mzoefu, ananiambia nisijisumbue, nilegeze testi tu, watanipa nne na kitu. Mkuu wa idara anataka mwenzangu aje kukaa darasani kwangu, na Jumatatu ameniita tuzungumze. Nafundisha kundi jipya sasa hivi, tuko wiki ya tatu. Mkataba wangu unaisha Septemba. Je, hizi alama zina ukweli? Na huyo anayekuja darasani si ndiyo anakuja kuniandikia ripoti?"

Marahaba, mwalimu, na pole. Asiyejali kazi yake hata faili la tathmini asingelifungua.

Umeuliza kama wanafunzi wanaweza kukupima, na kama mwenzako atakayekaa nyuma ya darasa anakuja kukusaidia au kukupeleleza. Maswali hayo yanakwenda pamoja, nami nitayajibu pamoja, ila kwanza nikupe msimamo wangu. Wanafunzi ni mashahidi wazuri na mahakimu dhaifu. Ukiwauliza walichokiona na kukisikia, yaani kama sauti ilifika nyuma, kama jaribio lilirudi kabla ya mtihani, kama walipata nafasi ya kuuliza, watakueleza vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu walikuwepo wiki zote. Ukiwauliza wamejifunza kiasi gani, au kama mwalimu anaijua taaluma yake, wanakisia. Dodoso la vyuo vingi linachanganya ushahidi na hukumu kwenye jedwali moja, linajumlisha, linagawanya, ndipo inatoka 2.9.

Tuitazame hiyo namba ilivyopatikana. Chuo kinachomfungia mwanafunzi matokeo mpaka ajaze kinapata idadi kubwa ya majibu, na kwenye ripoti inapendeza. Lakini mfikirie anayejaza. Yuko hosteli saa tano usiku, bando linaelekea kuisha, roho iko juu kujua kama ana sapu, yaani mtihani wa marudio, na mbele yake kuna kozi sita, kila moja na maswali ishirini. Anashusha 3, 3, 3 kutoka juu hadi chini, kozi zote, amalize aone matokeo. Huyo hajakutathmini. Wengine walisoma maswali kweli, na ushahidi kwamba wapo umo kwenye alama zako mwenyewe: kama wote wangebonyeza bila kusoma, usingepata 4.4 sehemu moja na 2.1 sehemu nyingine. Kwa hiyo mimi ningeacha kuitazama ile 2.9 ya jumla na kuanza kutazama pengo kati ya swali na swali. Ndani ya pengo ndimo kuna habari.

Wastani pia unaficha mengi. Kati ya watu kumi, watano wakikupa 1 na watano wakikupa 5, wastani ni 3. Kumi wote wakikupa 3, wastani ni 3 uleule. Hali ya kwanza ni darasa lililogawanyika, pengine waliotoka EGM, waliosoma hesabu kidato cha tano na sita, wanakufuata na waliotoka HKL, waliosoma historia na lugha, wameachwa tangu wiki ya pili. Hali ya pili ni darasa lisilokuwa na la kusema. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Wewe ni mwalimu wa takwimu na haya unayafundisha mwenyewe, ila namba ikituhusu sisi wenyewe tunasahau hata somo letu. Nenda kitengo cha uthibiti ubora uombe mgawanyo wa majibu, swali kwa swali: wangapi walitoa 1, wangapi 2, mpaka 5. Si siri ya chuo, ni taarifa yako.

Sasa, je, alama hizi zinapima kujifunza? Kwa miaka mingi walimu waliambiwa ndiyo, kwa kiasi fulani. Mwaka 1981 Mmarekani mmoja, Peter Cohen, alikusanya tafiti za kozi zenye mikondo mingi, kila mmoja na mwalimu wake, inayofanya mtihani mmoja, akaona kwamba mikondo iliyowapa walimu wake alama nzuri ndiyo pia iliyofaulu vizuri. Hesabu hiyo ilinukuliwa miongo kadhaa. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walizirudia tafiti hizo pamoja na zilizofuata, wakaonyesha kwamba uhusiano ule ulibebwa zaidi na tafiti ndogo zenye mikondo michache. Tafiti kubwa zilipopewa uzito wake, uhusiano ulikaribia kuyeyuka wote.

Kwa nini iwe hivyo? Mwanafunzi hadanganyi, anaeleza anavyohisi, na hisia ya kuelewa ni kitu kimoja, kuelewa kwenyewe ni kingine. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio la kozi ya fizikia ya utangulizi. Kundi moja lilipata mhadhara ulionyooka wa mwalimu hodari. Jingine lilipewa mada ileile na kukaa kwenye vikundi vidogo kuhangaika na maswali kabla ya kuelezwa majibu. Walipopimwa, waliohangaika walikuwa wamejifunza zaidi. Walipoulizwa, haohao ndio walioona wamejifunza kidogo. Maelezo yakiteleza vizuri, msikilizaji anaona ameelewa. Akikwama, anaona mwalimu hafundishi. Mtu anayeanza somo hana namna ya kutofautisha, na hilo ni pamoja na mimi na wewe tukiwa wanafunzi wa kitu kingine.

Hapo ndipo napishana na kaka yako wa idarani. Hajakosea kuhusu tabia ya watu: mwanafunzi anayetegemea alama nzuri huwa mkarimu kidogo kwenye dodoso. Alichokiacha ni gharama. Kwenye chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, kule Colorado, wanafunzi hupangiwa walimu kwa bahati nasibu na hufanya mtihani uleule, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupima ualimu. Scott Carrell na James West walichapisha matokeo ya hapo mwaka 2010. Walimu ambao wanafunzi wao walifanya vizuri kwenye kozi ya kwanza ya hesabu, wakawapa na alama nzuri za tathmini, kwa wastani ndio ambao wanafunzi wao walidorora kwenye kozi za hesabu zilizofuata. Wanafunzi wako hawaachani na takwimu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wana Mbinu za Utafiti, mwaka wa tatu wana ripoti ya utafiti yenye majedwali wanayotakiwa kuyaeleza. Ukilegeza testi leo, deni linahamia kwa mwenzako wa mwaka wa tatu, na atajua limetoka wapi.

Kuhusu yule aliyeandika unaringa. Ni mtu mmoja kati ya 140, na neno lenyewe halikuambii ulifanya nini. Hata hivyo nisikufiche jambo ambalo tafiti zimelionyesha. Mwaka 2015 Lillian MacNell na wenzake walichapisha jaribio dogo la kozi ya mtandaoni huko North Carolina. Wasaidizi wawili wa kufundisha, mwanamume na mwanamke, kila mmoja alipewa vikundi viwili. Kwa kikundi kimoja alijitambulisha kwa jina lake, kwa kingine kwa jina la mwenzake. Yule ambaye wanafunzi walidhani ni mwanamume alipewa alama za juu zaidi. Hata kwenye kurudisha kazi kwa wakati alizidi, ingawa kazi zilirudishwa siku moja. Wanafunzi walikuwa wachache, na si kila utafiti uliofuata ulipata pengo la aina hiyo, lakini mwalimu mwanamke anayesahihisha kwa ukali na kusimamia muda anastahili kujua kwamba kitu kilekile kwa mwenzake wa kiume mara nyingine kinaitwa "yuko siriasi".

Usiigeuze hoja hiyo kuwa ngao, lakini. Ile 2.1 ya kurudisha majaribio ina kipimo kisichohitaji maoni ya mtu: fungua daftari lako uangalie testi ya kwanza ilifanyika lini na ilirudi lini. Ikiwa ilirudi baada ya wiki mbili, hapo upendeleo unaweza kuwa umefanya kazi yake, uweke akilini uendelee. Ikiwa ilirudi wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho, mashahidi wamesema kweli, na ndilo jambo la kwanza la kurekebisha, kwa sababu halihitaji kipaji. Najua karatasi 140 si mchezo, hasa mtu akiwa na kozi nyingine mbili na watoto nyumbani. Kata maswali ya testi kutoka matano hadi matatu. Sahihisha swali moja kwa karatasi zote kabla ya kwenda swali la pili. Utakwenda haraka na utakuwa wa haki zaidi. Siku tatu baada ya testi, hata kabla hujamaliza, ingia darasani na makosa manne yaliyojirudia, uyafanye ubaoni. Mwanafunzi anachokitafuta kwenye karatasi iliyosahihishwa ni kujua alikosea wapi wakati swali bado liko moto kichwani. Alama zinaweza kusubiri siku chache.

Sasa tuje kwenye "anakimbia", "Kiingereza kigumu" na "hatoi madesa". Nimeziweka pamoja kwa makusudi, maana naamini ni malalamiko mamoja yaliyoandikwa mara tatu. Wengi wa wanafunzi wako walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari ghafla kwa Kiingereza, na kwa wengi Kiingereza hicho kilikuwa cha kunakili ubaoni. Leo wamekaa kwenye ukumbi wanasikia maneno kama "sampuli nasibu" na "kiwango cha kujiamini" kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza, slaidi ina mistari kumi na moja, na mwalimu anaanza kueleza huku wao wanaandika. Mtu hawezi kunakili lugha ambayo haijamkaa na wakati huohuo kufuata hoja ngeni. Lazima aache kimoja, naye anaacha kusikiliza, kwa sababu kilichoandikwa kitakuja kupigiwa msuli baadaye na kilichosemwa kitapotea. Ndiyo maana anataka madesa. Wapo wavivu, sikatai, lakini darasa zima halilalamikii jambo moja kwa uvivu.

Ukiwapa madesa kamili, nusu hawatakuja, hasa kipindi cha saa mbili asubuhi kwa anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto. Ukiwanyima kabisa, wanaokuja wanageuka makarani. Njia ninayoipendekeza ni karatasi ya mapengo: ukurasa mmoja au miwili yenye vichwa, fomula na mchoro, lakini hatua za kukokotoa na mfano wenyewe umeachwa wazi, wanajaza darasani. Gharama ya kurudufu ni ya kikundi, au unaituma kwenye simu jioni iliyotangulia. Kwenye kona ya juu weka istilahi sita za siku hiyo, kila moja na maelezo yake kwa Kiswahili kwa mstari mmoja.

Kuhusu kufundisha kwa Kiswahili nitakuwa mkweli pande zote. Lugha rasmi ya kufundishia chuoni ni Kiingereza, mtihani utakuja kwa Kiingereza, na mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika aya ya Kiingereza kuhusu wastani na mtawanyo atakwama hata kama ameelewa vizuri. Wakati huohuo, dakika tatu za Kiswahili kwenye pointi iliyowashinda, kisha ukarudi kwenye Kiingereza na kumtaka mmoja aiseme upya kwa Kiingereza chake, haziharibu kitu. Walimu wengi wanafanya hivyo kimyakimya na wanaona aibu kusema. Mwambie mkuu wako wazi kwamba unafanya, na kwa nini.

Haya yote lakini ni tafsiri yangu ya maneno machache yaliyoandikwa na watu ambao tayari wameshaondoka kwenye darasa lako. Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa tathmini ya mwisho wa semista ulipo: anayeijaza hatafaidika nayo, na anayefaidika hajaulizwa. Uko wiki ya tatu na kundi jipya. Waulize hao, wiki ya tano au ya sita, wakiwa wameshaonja testi moja.

Tumia karatasi, nusu ukurasa, dakika nane za mwisho. Usiulize "mnanionaje", utapata "mwalimu mzuri" na "Mungu akubariki". Uliza: kitu gani kwenye kipindi kinakusaidia kuelewa? Kitu gani kinakukwamisha? Wewe mwenyewe ungefanya nini tofauti? Lile la tatu usiliruke. Linamkumbusha mwanafunzi kwamba naye ana sehemu yake. Waambie waandike kwa Kiswahili wakitaka. Dodoso la Kiingereza mara nyingi linaambulia majibu ya neno mojamoja kwa sababu hiyo tu. Karatasi ileile kwa Kiswahili itakupa sentensi nzima, mara nyingine na hasira zake, na hiyo ndiyo unayoitaka. Wasiandike majina. Toka nje, mwakilishi wa darasa azikusanye na kuzichanganya kabla hajakuletea, maana wanajua unaijua miandiko yao.

Zisome zote, kwa kituo kimoja, si moja leo nne kesho. Utashawishika kuishikilia ile iliyokuuma. Iweke pembeni kwanza, gawanya zilizobaki kwenye mafungu: ninachoweza kubadili wiki hii, ninachoweza kubadili semista ijayo, na nisichobadili pamoja na sababu yake. Kipindi kinachofuata, chukua dakika kumi uwarudishie majibu. Kwa mfano: "Wengi mmesema naanza kueleza kabla hamjamaliza kuandika. Kuanzia leo nitanyamaza kila slaidi mpya mpaka niwaone mmeinua vichwa. Mmeomba testi iwe ya kuchagua majibu. Hilo sitafanya, kwa sababu mtihani wa mwisho utawataka muonyeshe njia." Ukikusanya maoni ukayakalia kimya, ni heri usingeuliza. Wanaona wamepuuzwa, na wakiulizwa tena hawaandiki.

Na huyo mwenzako atakayekuja? Kama anaandika ripoti au anakusaidia, inategemea karatasi yake inaishia wapi. Ziara ya kupima kwa ajili ya mkataba ni kitu halali, chuo kina haki nayo. Ziara ya kukusaidia ni kitu kingine. Zikifanywa na mtu yuleyule siku ileile, zote mbili zinaharibika, kwa sababu kila mwalimu ana somo lake moja tamu alilolitunza kwa ajili ya mkaguzi, na hilo ndilo atakaloonyeshwa. Jumatatu muulize mkuu wa idara kwa adabu na bila kuzunguka: maelezo haya yanaingia kwenye faili langu? Mwombe kwamba kwa ziara hii yabaki mikononi mwako, yeye apate taarifa tu kwamba ilifanyika na tarehe yake. Wakuu wengi wakielezwa sababu wanakubali. Akikataa, mkaribishe mgeni huyo kwa moyo mweupe, halafu tafuta mwingine wa kwako.

Wa kwako asiwe shoga yako wa chai, wala mtu mnayegombea naye nafasi moja. Si lazima awe wa takwimu. Anayelijua somo atagundua umekosea wapi kwenye fomula. Mtu wa sheria au uuguzi, ambaye hajui kitu, ataona mahali hasa anapopotea, na kwa tatizo lako wewe ningemchagua huyu.

Mkutane siku moja kabla, dakika ishirini, umwambie mambo mawili tu ya kutazama. Kwako yangekuwa kasi ya kueleza, na kinachotokea unapouliza swali. Siku yenyewe akae safu ya nyuma kabisa. Asibebe fomu ya kuweka alama ya "nzuri" na "wastani". Aandike kilichotokea na saa yake, basi. Maelezo mazuri yanafanana hivi:

"2:14, anauliza 'Mmeelewa?' Sekunde moja. Watatu wa mbele: 'Ndiyoo.' Anaendelea. 2:16, slaidi mpya, wote wanaandika, anaanza kueleza, simwoni anayemtazama. 2:21, feni ya kushoto inapiga kelele, binti wa pembeni yangu anamuuliza mwenzake 'kasemaje?', naye anajibu 'sijui, andika tu.' 2:33, wanaingia sita wamelowa, anaanza upya mfano kwa ajili yao, waliokuwepo wanashika simu."

Hakuna sifa hapo wala lawama, na kila mstari una dawa yake. Wa kwanza hasa. Tangu miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alionyesha, kwenye madarasa ya sayansi ya shule za msingi Marekani, kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu, kurudia au kujibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitokeza. Kwa mtu mzima anayetakiwa kutafsiri swali kichwani kwenda Kiswahili na jibu kurudi Kiingereza, tatu ni za chini. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, hata kama ukimya unakuwasha. Na "Mmeelewa?" liache kabisa. Halijawahi kupata jibu lingine zaidi ya "ndiyo". Uliza, "Nikibadili idadi ya sampuli kutoka 25 kuwa 100, hitilafu sanifu inapanda au inashuka? Mwandikie jirani yako sababu." Ukipita katikati ya viti utaona mwenyewe nani ameelewa. Na wale sita wa mvua, hasa Aprili Jangwani ikijaa maji, wape karatasi ya mapengo waungane na wenzao, mfano usianze upya.

Mzungumze siku ileile au kesho yake, wewe ukianza: ulionaje mwenyewe? Ndipo naye afungue daftari. Ondokeni na badiliko moja. Kisha na wewe nenda kwake ukakae nyuma; utajifunza kule pengine kuliko ulivyojifunza alipokuja, kwa kuwa huna presha ya kusimama mbele.

Mwenzako ataona dakika 55 za siku moja, tena siku ambayo darasa linajua kuna mgeni. Wanafunzi wanaona wiki zote ila hawajui kufundisha kunafanywaje. Ndiyo sababu nakushauri uviunganishe. Peter Cohen niliyemtaja alifanya hesabu nyingine mwaka 1980, ya walimu waliopewa maoni ya wanafunzi semista ikiendelea. Waliopewa karatasi ya matokeo peke yake walipanda kidogo. Waliopata na mtu wa kukaa nao kuyachambua walipanda zaidi. Kwa hiyo zile karatasi za wiki ya sita, zipeleke kwa huyohuyo aliyekaa nyuma, mzisome pamoja. Mkizoeana, kuna hatua nyingine iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington: mwenzako anachukua dakika ishirini na tano za kipindi chako, wewe unatoka, wanafunzi wanajadili maswali yaleyale kwenye vikundi vya watu sita, kisha darasa zima linaulizwa ni yapi kati ya hayo wengi wanakubaliana nayo. Pale utagundua kwamba lile lililokunyima usingizi lilikuwa la mtu mmoja.

Mambo mengine hayatibiki kwa barua. Ukifika kwenye mazungumzo ya mkataba na sababu pekee iliyoandikwa ni 2.9, usisaini chochote hapohapo; nenda kwa chama cha wafanyakazi au mwanasheria na nakala ya mkataba wako na utaratibu wa chuo wa kupima watumishi. Mwaka 2018 mwamuzi wa migogoro ya kazi nchini Kanada, William Kaplan, aliamua katika shauri la Chuo Kikuu cha Ryerson cha Toronto kwamba dodoso za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji kwenye kupandishwa cheo. Uamuzi wa kule haufungi chuo cha hapa, lakini hoja zake zinasemeka mahali popote. Kama kwenye maoni kuna tusi la kimwili, kauli za ngono au tishio, hiyo si tathmini. Ipeleke dawati la jinsia au ofisi ya mlezi wa wanafunzi ikiwa imechapwa na tarehe yake. Na usingizi ukiendelea kukataa, au asubuhi ya kipindi mikono ikawa inatetemeka mlangoni, tafuta mshauri nasaha au daktari wiki hii hii, usisubiri semista iishe.

Jumatatu usiende mikono mitupu. Chukua karatasi moja. Upande wa kwanza weka mgawanyo wa alama za maswali mawili, la kueleza na la majaribio, pamoja na tarehe halisi za testi kutoka daftari lako, hata kama zinakuumbua. Upande wa pili andika utakayofanya na wiki zake: karatasi za mapengo kuanzia wiki ya nne, testi kurudi ndani ya siku kumi, maoni ya darasa wiki ya sita, ziara mbili za mwenzako, na jina la unayempendekeza. Mwombe mkuu asaini kwamba ameiona, nakala moja ibaki kwako. Septemba mtakapokaa tena kuzungumza mkataba, iwe mezani.